Mhariri, sio kila bastola ni Ceska

Kwa Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nachukua kwa yule kijana wa stendi kila asubuhi kabla sijafungua duka, naanza na michezo halafu ndo narudi mbele kwenye habari zenyewe. Sijawahi kuwaandikia hata siku moja. Lakini juzi mmenishinda. Mmeandika polisi wamenasa bastola aina ya Ceska, sawa, halafu picha mliyoweka juu ya habari ni Glock, jina lenyewe limechorwa ubavuni kwa herufi kubwa hata mtoto wa gredi ya pili angewasomea.

Na sio mara ya kwanza. Hapa kwetu Kenya Ceska imekuwa kama Omo, sabuni yoyote ya unga ukienda dukani unasema nipe Omo, mwenye duka anakupa iliyoko na wewe unaenda zako umeridhika. Bastola nazo ni hivo hivo, ikiwa ndogo na nyeusi na imepatikana kwa mhalifu basi ni Ceska. Kwa sabuni haina neno, nguo zitatakata. Kwa bastola ina neno kubwa, na nasema hivi kama mtu anayezimiliki zote mbili, Glock 19 na Ceska P-10 C, kwa leseni, nimezibeba kiunoni kwa zamu miaka kadhaa kwa jua hili la Mombasa. Kwa hivyo nivumilieni nieleze, na kama barua ni ndefu ikateni mnavyotaka lakini ile sehemu ya kusafisha tafadhali msiiguse.

Kwanza hilo jina. Ceska ni neno la Wacheki na maana yake ni "ya Kicheki" basi, jina zima la kampuni ni Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki, kiko mji unaitwa Uherský Brod tangu 1936. Ile Ceska ya zamani ambayo wengi wanaijua ni CZ 75, chuma kitupu, karibu kilo nzima hata kabla hujatia risasi, aliibuni mzee mmoja anaitwa František Koucký pamoja na ndugu yake na hiyo 75 ni mwaka 1975. Ile ina nyundo nyuma unaiona kwa macho, ukitazama tu unajua imekokiwa au haijakokiwa, na ina sefti, kile kizuizi cha kuifunga isipige, ya kusukuma na kidole gumba. Mimi nimejifunzia hiyo. Mkufunzi wangu alikuwa askari mstaafu na hakuwa na nyingine, na mpaka leo nikiishika mkono unaitambua kama unavyotambua kitasa cha mlango wa nyumba uliyozaliwa.

Sasa P-10 C imetoka kiwanda hicho hicho lakini ni mtoto wa juzi, 2017. Mwili wa plastiki, nyundo haina, sefti ya gumba haina. Kwa jinsi inavyofanya kazi ni ndugu wa Glock kuliko kuwa ndugu wa CZ 75, ukiziweka Glock 19 na P-10 C mezani pamoja mtu asiyejua atadhani ni pacha, mtutu wa zote mbili ni milimita 102, zote zinapiga risasi za 9 mm, zote zinabeba 15 kwenye magazini, kile kijisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kishikio. Kwa hivyo mkiandika "Ceska" peke yake mimi msomaji sijui mnasema mzee wa chuma au kijana wa plastiki, na tofauti ya hao wawili ndo inayotoboa watu kuta za nyumba zao. Nitafika hapo.

Glock nayo watu wanaipa mambo mengi ya uongo. Gaston Glock alikuwa Muaustria ana kiwanda kidogo, alikuwa anatengeneza fito za pazia na visu vya jeshi, bastola hajawahi kutengeneza hata moja, na umri umeshapita miaka 50. Jeshi la Austria likawa linatafuta bastola mpya na yeye akajitosa, 1982 wakaichukua yake, Glock 17, halafu 1988 ndo ikaja hii yangu ya 19 ambayo ni fupi kidogo. Mzee amefariki Desemba 2023 ana miaka 94. Wengi wanasema yeye ndo wa kwanza kutumia plastiki, sio kweli, Wajerumani wa Heckler & Koch walitoa VP70 mwaka 1970 ikiwa na mwili wa plastiki, ila haikushika soko kama ya huyu jamaa wa mapazia.

Na lile la kwamba bastola ya plastiki haionekani kwenye mashine ya uwanja wa ndege, hebu tuliache sasa. Plastiki ni kile kishikio na fremu ya chini tu. Slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele, ni chuma, mtutu ni chuma, springi ni chuma, hata ndani ya hiyo plastiki kuna vipande vya chuma vimezamishwa ambavyo slaidi inateleza juu yake. Mimi kila nikienda duka kubwa na familia mlinzi akinipitishia kile kifimbo chake kinalia kama king'ora, natoa cheti, anasoma jina, anamwita mkubwa wake, watu nyuma wananitazama kama mwizi, ndo naruhusiwa au naambiwa nirudi garini. Ingekuwa haionekani ningefurahi sana kwa kweli.

Haya, sasa niseme ninavyoziona mimi, na kuanzia hapa nikisema Ceska peke yake ni hii P-10 C yangu. Glock yangu ni kizazi cha nne, ile yenye mabonde ya vidole mbele ya kishikio. Hayo mabonde aliyeyachora alikuwa na vidole vya mwalimu wa piano, mimi nimebeba mifuko ya simiti tangu kijana, vidole vyangu vinakaa juu ya matuta badala ya kukaa kwenye mabonde. Kizazi cha tano kilichotoka 2017 wameyaondoa, inaelekea sikuwa peke yangu. Ceska haina mabonde, ni tambarare mbele na ina mgongo wa kubadilisha wa saizi tatu, nimeweka wa kati na mkono unajaa vizuri, unashika juu kabisa karibu na slaidi.

Kuna jaribio moja alinionyesha mkufunzi na nawapa hapa bure. Hakikisha bastola ni tupu kabisa, simama, iangalie shabaha ukutani, funga macho, nyanyua bastola uielekeze pale, fungua macho. Nikifanya na Ceska vilengeo viko pale pale. Nikifanya na Glock mdomo unatazama juu, karibu na dari, kwa sababu kishikio cha Glock kimelala nyuma zaidi na mkono wangu ulizoea CZ 75 tangu mwanzo. Mtu aliyeanza na Glock atakwambia kinyume, atakwambia Ceska inatazama miguuni. Hakuna aliyekosea hapo, ni mkono ulizoea nini. Ilinichukua kama miezi mitatu ya kunyanyua mkono chumbani kila usiku, mke wangu akaniuliza unaswali swala gani hiyo, mpaka Glock ikaanza kutii.

Triga, kile unachovuta kwa kidole ili ipige. Hapa Ceska inaishinda Glock na sitaki ubishi. Ya Glock inataka nguvu ya kilo mbili na nusu hivi, unavuta inakuwa laini, inafika mahali inakuwa kama imeingia matope, halafu inaachia. Ya Ceska ni karibu kilo mbili, unavuta unafika ukutani, unajua huu ni ukuta, ukisukuma kidogo inakatika kama kijiti kikavu, na ukiachia kidole kwenda mbele unasikia tik, mwendo mfupi sana, iko tayari tena. Sababu ni kwamba Glock ile pini ya kupiga ndani inakaa imevutwa nusu tu, kazi iliyobaki unaimalizia wewe na kidole, na ya Ceska inakaa imevutwa karibu yote. Kwa mita 10 nikipiga taratibu tundu tano za Ceska nazifunika kwa kikombe cha kahawa. Za Glock zinataka kisahani chake. Lakini nikianza bastola ikiwa kwenye ala, ule mfuko wake wa kiunoni, na mkufunzi ameshika saa, risasi mbili za haraka, hapo kikombe na kisahani vinakuwa kitu kimoja, manake moyo unadunda na triga nzuri huisikii tena. Hili lilinishangaza. Nilitegemea Ceska ingekuwa mbele kila mahali.

Teke la risasi ni karibu sawa. Ceska ni nzito kidogo, gramu 740 ikiwa na magazini tupu, Glock ni kama 670, tofauti ni uzito wa yai la kuku, na yai hilo kwenye mkono linasaidia kidogo na kwenye mkanda kuanzia asubuhi mpaka jioni unalisikia vilevile.

Halafu kuna mambo ya huku kwetu pwani ambayo watu wa Nairobi hawayajui. Jasho na chumvi. Zote mbili chuma cha nje kimetiwa dawa, slaidi zinavumilia sana, hapo sina lawama hata kidogo. Lakini magazini za Ceska ni chuma na za Glock ni plastiki nje na chuma ndani. Ile magazini ya akiba mimi naiweka mfuko wa suruali upande wa kushoto, na sehemu ile ya juu ambayo risasi zinatokea, kama hukupangusa siku mbili tatu mvua za Mei zikiwa zimeanza, unaona vidoti vya rangi ya chai. Sasa kila usiku kabla sijafungia sefu nachukua kitambaa chenye mafuta kidogo napitisha. Glock nimeisahau wiki nzima mara moja nilipougua malaria na ilinipokea bila neno.

Kishikio cha Ceska ni kikali kama msasa. Renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, ni raha tupu, mkono uwe na jasho kiasi gani haitelezi. Ukiibeba ndani ya suruali ni adhabu. Fulana zangu zote za ndani zimechanika upande wa kulia sehemu ile ile, mke wangu alidhani ni panya, aliweka mpaka sumu kabatini. Glock ni laini kidogo, inakaa pale kama haipo.

Vilengeo, haraka tu. Vya Glock vinavyokuja nayo ni plastiki, nukta nyeupe mbele na kama kibakuli cheupe nyuma, na plastiki kwa kuingia na kutoka kwenye ala inakwanguka, wengi wanabadilisha na mimi nimebadilisha. Ceska ni chuma, nukta tatu, nimeviacha kama vilivyo.

Kuna kitu nilitaka kuisingizia Ceska na nikaumbuka. Kawaida risasi ikiisha slaidi inabaki nyuma imefunguka, unajua hapa ni tupu, badilisha magazini. Yangu ikawa inajifunga. Mara moja, mara mbili, kila magazini. Nikaapa imeharibika, nikaifungasha niirudishe kwa aliyeniuzia, nikaongea maneno mengi kwenye simu ambayo leo sitaki kuyakumbuka. Mkufunzi akaniambia njoo nayo kwanza. Akanitazama napiga risasi tatu tu akacheka, akanishika gumba akalisogeza chini sentimita moja. Ceska ina kile kitufe cha kuzuia slaidi pande zote mbili, kushoto na kulia, na gumba langu nene lilikuwa limekikalia kila nikipiga, sasa kitainukaje. Glock yangu inacho kushoto tu na kimefichama, kwa hiyo sikuwahi kujua kwamba nashika vibaya. Hilo la pande mbili ni zuri kwa wenye kutumia kushoto, mdogo wangu ni wa kushoto na amefurahi sana nalo, ila magumba manene mjihadhari. Yule muuzaji nilimpelekea halua ya kumuomba radhi.

Sasa nifike kwenye kusafisha.

CZ 75 ile ya zamani ukitaka kuifungua, unatoa magazini, unahakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu, unarudisha slaidi nyuma kidogo mpaka ule mstari wa juu ulingane na wa chini, unasukuma pini itoke upande wa pili, slaidi inatoka mbele. Umeona? Triga hujaigusa. Glock na P-10 C hazifunguki hivo. Zote mbili lazima kwanza ubonyeze triga, halafu ndo unarudisha slaidi kidogo, unavuta vile vijivitufe viwili vya pembeni kwenda chini, unasukuma mbele. Lazima ubonyeze triga, Mhariri. Ndo maana nasema jina moja kwa bastola mbili ni hatari.

Kuna mtu namjua, sitamtaja, ni mtu mzima na mstahiki na alibeba CZ 75 miaka zaidi ya kumi bila tatizo. Akauza akanunua ya plastiki. Jumapili moja jioni ameketi kitandani anasafisha, taarifa ya habari inaendelea. Akavuta slaidi nyuma kwanza, risasi ya chemba ikaruka ikaanguka kwenye shuka, akaiona kwa macho yake, akaridhika kwamba chemba ni tupu. Halafu ndo akatoa magazini. Mmeelewa kilichotokea? Slaidi iliporudi mbele iliokota risasi nyingine kutoka kwenye magazini ambayo bado ilikuwa ndani. Alipotoa magazini, bastola ina risasi moja chemba na yeye mkononi ana magazini na kwenye shuka ana risasi, kila kitu machoni mwake kinasema tupu. Kwenye CZ 75 angesukuma pini na risasi ingetoka na slaidi, angeona, angesema astaghfirullah, basi. Hii ya plastiki ikamtaka abonyeze triga kwanza na akabonyeza.

Risasi ilipita godoro, ikapita sanduku la leso za mkewe lililokuwa mvunguni, ikaenda kukaa kwenye sakafu. Hakuna aliyeumia. Leso zilikuwa zimekunjwa, zingine bado pea haijakatwa, kwa hiyo risasi moja ilitoboa matundu mengi sana, ukiikunjua moja unakuta matundu manane kwa safu kama mtu ametarizi. Mke wake bado anazo na hazitupi. Kila wakigombana anaitoa moja anaitandika mezani.

Mpangilio ni magazini kwanza, slaidi baadaye. Kinyume chake usifanye hata siku moja. Halafu tazama chemba kwa macho, halafu ingiza kidole kidogo upapase, maana macho ya jioni yanadanganya na taa nazo zinakatika. Mimi siku hizi risasi zote naziacha chumba kingine kabisa na mlango naufunga, na nikifika pale pa kubonyeza triga naelekeza mdomo kwenye ndoo ya mchanga niliyoiweka kona ya stoo. Watoto wanaiita ndoo ya paka. Paka hatuna.

La pili linalofanana na hilo ni ala. Kwa sababu hizi bastola hazina sefti ya gumba, ulinzi wake nje uko kwenye kile kiulimi kidogo katikati ya triga, kidole kikikaa katikati kinabonyeza kiulimi na triga inaenda. Ndani ziko zingine za kuzuia isilipuke ikianguka, hizo zinafanya kazi vizuri. Lakini kile kiulimi hakijui kama kilichokibonyeza ni kidole au pindo la shati au ngozi ya ala iliyolegea. Mimi nilianza na ala ya ngozi, nilishonewa na fundi viatu mmoja hodari, nzuri ajabu, inanukia. Baada ya mwaka wa jasho ikawa laini kama sikio la mbuzi. Siku moja narudisha Glock nikasikia kuna kitu kinazuia, nikasimama, nikaitoa polepole, nikakuta mdomo wa ngozi umejikunja kwa ndani na umeacha alama pale kwenye nafasi ya triga. Miguu iliniisha nguvu nikakaa chini dukani katikati ya mabati. Ala niliikata vipande usiku ule ule, sikutaka hata kumpa mtu. Sasa natumia ya plastiki ngumu inayofunika triga yote, na kabla sijarudisha bastola navuta shati pembeni kwa mkono wa kushoto na natazama, siangalii watu wanaonitazama. Ya Glock inaingia Ceska lakini inabana kidogo, nimenunua ya pili.

Wale mliozoea CZ 75 gumba lenu litaendelea kutafuta sefti miezi mingi. Langu lilitafuta. Unaitoa bastola, gumba linashuka kusukuma kitu ambacho hakipo. Hilo halina madhara. Madhara ni lile la kinyume, kwamba akilini bado unaamini kuna sefti imefungwa, kwa hiyo unaishika ovyo.

Najua kuna wasomaji watasema huyu mzee anasifu bunduki. Sisifu. Mimi nilichukua leseni baada ya kufuatwa na pikipiki mara mbili nikitoka benki, na kama biashara yangu ingekuwa ya kulipwa kwa simu yote ningeirudisha kesho asubuhi. Cheti cha tabia njema, mahojiano, kuonyesha sefu, kulipia upya kila mwaka, na mwisho wa 2018 Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani tukaambiwa wenye leseni wote tupigwe msasa upya, nikaenda nikapanga foleni kama mtu anayeanza. Sikukasirika. Kwenye ile foleni niliona watu ambao mimi mwenyewe nisingewapa hata kisu cha kumenyea maembe.

Watu wananiuliza sana dukani, wale wachache wanaojua, kama ungebaki na moja ungebaki na ipi. Siku zote nilikuwa na jibu moja. Ceska ya renji, Glock ya kiunoni. Ceska inanipendeza zaidi, triga yake nikiifikiria nataka kwenda renji saa hii, lakini siku ya kubeba mkono wenyewe unaenda kwa Glock, haichubui, haina kutu, nimeifungua na kuifunga mara nyingi kiasi kwamba naijua kama mfuko wangu. Ni kama mtu mwenye baiskeli mbili, ile nzuri iko sebuleni na anayoendea sokoni ni ile nyingine.

Sasa mwaka huu mambo yamevurugika kidogo. Mke wangu, baada ya miaka yote ya kunicheka, akasema naye anataka kujua, akaja renji, mkufunzi akamsimamia. Nikampa Glock kwanza, mabonde ya vidole kwake yalikaa sawa sawa kumbe, ila hakuipenda, alisema triga inambembeleza halafu inamshtua. Akachukua Ceska, mkufunzi akamwekea mgongo mdogo. Risasi ya kwanza juu, ya pili juu, ya tatu akatulia, na kuanzia hapo bwana wee. Alipomaliza magazini tukaenda kutazama karatasi, mkufunzi akanitazama mimi, hakusema kitu, akaitoa karatasi akaikunja akampa yeye. Iko ukutani jikoni hivi tunavyoongea, juu ya friji.

Ameshapeleka maombi ya leseni yake. Bastola haiazimwi hata kwa mke, cheti ni jina lako na namba ya bastola ile ile, kwa hivyo akipata atataka yake, na ameshaniambia wazi kwamba hataki mpya, anataka ile ile ambayo ameizoea, tufuate utaratibu tuihamishe jina. Mimi nimeambiwa nitafute nyingine. Nikamwambia hiyo inachubua, fulana zangu umeziona. Akasema yeye ataibeba kwenye mkoba.

Tumeanza kuzungumza kuhusu mkoba, na triga, na funguo na kalamu zilizomo mkobani. Mazungumzo hayajaisha.

Mwenye Leseni,
Mombasa